Kibandiko bapa au mbinuko, pete au pesti: kuchagua vifaa vya stoma visivyovuja wala kuchubua ngozi

Geuza kibandiko ulichokibandua leo uangalie upande uliokuwa juu ya ngozi. Upande huo utakuambia kifaa kinachokufaa kuliko maandishi yoyote ya kwenye boksi. Kibandiko cha mfuko wa stoma (mdomo wa utumbo au wa njia ya mkojo uliotolewa tumboni kwa upasuaji) hutengenezwa kwa haidrokoloidi, yaani gundi iliyochanganywa na vitu vinavyofyonza unyevu kama pektini, jelatini na selulosi. Kikifyonza jasho kidogo kidogo, kinaendelea kushika. Kikizidiwa na majimaji huvimba, hugeuka cheupe, hulainika na kuachia. Ukanda mweupe mwembamba wenye upana ulio sawa kuzunguka tundu lote ni uchakavu wa kawaida. Weupe uliochimba njia upande mmoja kuelekea ukingoni, au kinyesi kilichotambaa chini yake, ni uvujaji ulioanza, hata kama mfuko bado umeshika.

Ukikigeuza kibandiko, kushoto kwake kunakuwa kulia kwako. Kwa hiyo tia alama ya kalamu sehemu ya juu kabla hujakibandua, kisha linganisha alama hiyo na ngozi yenyewe. Bila hivyo ni rahisi kuziba upande usio na shida na kuliacha tatizo palepale.

Karibu kila uvujaji huanzia ndani, kwenye ukingo wa tundu, halafu hutambaa kwenda nje. Ndiyo maana plasta zinazozungushwa kwenye ukingo wa nje haziuzuii. Zinauficha tu, na kinyesi kinakaa juu ya ngozi saa nyingi zaidi. Plasta hizo zina kazi yake, ya kushika ukingo usikunjuke kwa jasho au maji ya kuoga, basi. Kila kifaa kinachofuata hapa chini kinatatua tatizo moja. Kurundika tabaka juu ya tabaka bila kulijua tatizo lenyewe ni sababu kubwa ya vibandiko kuachia mapema.

Tundu: la kukata, lililokatwa tayari, au la kufinyanga

Kibandiko cha kukata mwenyewe ndicho cha kuanza nacho baada ya upasuaji, kwa sababu stoma huwa imevimba na hupungua kwa muda wa wiki 6 hadi 8. Katika kipindi hicho pima kila wiki kwa kadi yenye matundu, ukate tundu lililozidi stoma kwa milimita 2 hadi 3 kila upande. Stoma ya umbo la yai ichorewe kwenye plastiki safi, kisha mchoro huo utumike kama kielelezo. Baada ya kukata, pitisha kidole kwenye ukingo ulioukata kulainisha ncha zake.

Kosa linalojirudia zaidi ni kuendelea kukata kwa kipimo cha hospitali miezi mingi baadaye. Stoma imeshapungua, tundu limebaki pana, na pete ya ngozi inaogeshwa na kinyesi siku nzima. Kwa mwenye ileostomia (stoma ya utumbo mwembamba) hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana: choo cha utumbo mwembamba ni cha majimaji na bado kina vimeng'enya vya kusaga chakula, na ngozi inaweza kuchubuka ndani ya saa chache. Tundu dogo kupita kiasi nalo lina madhara. Ukingo wake husugua au kukata stoma, na kwa kuwa stoma haina mishipa ya fahamu ya maumivu, hutasikia kitu. Utaona damu au mstari wa njano kwenye ukingo wa stoma.

Lililokatwa tayari linafaa pale stoma imetulia na ni ya mviringo kamili. Linaokoa muda na kuondoa kazi ya mkasi. La kufinyanga, ambalo unalikunja kwa vidole hadi liikumbatie stoma, linamfaa mwenye stoma isiyo ya mviringo au inayobadilika ukubwa mchana kutwa. Lakini linahitaji vidole vyenye nguvu. Mwenye ganzi au ugonjwa wa viungo vya mikono atahangaika nalo.

Bapa au mbinuko

Uamuzi huu ndio wenye uzito kuliko yote, na ndio watu huuchelewesha zaidi. Mwaka 1952 daktari mpasuaji Bryan Brooke wa Uingereza alieleza njia ya kuukunjua mwisho wa utumbo kwenda nje ili ileostomia ichomoze. Choo kikadondoka moja kwa moja kwenye mfuko badala ya kumwagika juu ya ngozi. Kanuni ni ileile hadi leo: stoma iliyochomoza sentimita 2 hivi, ikiwa imezungukwa na ngozi iliyo tambarare, hukaa vizuri na kibandiko bapa. Iliyo usawa wa ngozi, iliyozama, au ambayo tundu lake la kutolea limeelekea chini, mara nyingi huhitaji kibandiko mbinuko, ambacho upande wake wa ndani umetokeza ili kuibonyeza ngozi inayoizunguka na kuisukuma stoma mbele.

Usiamue ukiwa umelala. Jiangalie umelala, umesimama, umekaa na umeinama mbele. Stoma nyingi zinazoonekana nzuri kitandani huzama mtu akikaa, na mkunjo hujitokeza, aghalabu kwa saa tatu na saa tisa ukiichukulia stoma kuwa uso wa saa. Mfuko unaovuja kila ukiendesha gari au ukikaa kazini, lakini ukatulia usiku, unakuambia tatizo ni umbo la tumbo na si ubora wa gundi.

Mbinuko nao una aina. Tumbo laini lenye ngozi iliyolegea linahitaji mbinuko mgumu unaoweza kuinyoosha mikunjo. Tumbo gumu lililokaza linataka mbinuko laini, maana mgumu utagongana nalo na kuinuka pembeni. Anza na mbinuko mfupi unaotosha kuzuia uvujaji. Ulioingia ndani zaidi ya unavyohitaji hauongezi usalama, unaongeza shinikizo. Ukibandua ukakuta mduara mwekundu usiofifia baada ya nusu saa, michubuko ya rangi ya zambarau au kidonda kwenye mstari wa mbinuko, umepitiliza.

Kuna watu ambao hawapaswi kujaribu mbinuko bila muuguzi wa stoma au daktari kuwaona: wenye mishipa ya damu iliyovimba kuzunguka stoma kutokana na ugonjwa wa ini, wenye kidonda kirefu chenye maumivu makali na ukingo wa zambarau, na ambao stoma imeanza kuachana na ngozi. Mwenye ngiri iliyofanya stoma isimame juu ya kilima, kwa kawaida hahitaji mbinuko kabisa. Anahitaji kibandiko bapa kinachonyumbuka, au kile chenye ukingo unaokunjika kulifuata tumbo, ili kisitengeneze makunyanzi.

Mkanda husaidia mbinuko zaidi ya unavyosaidia bapa. Uwe usawa wa stoma, si kiunoni: ukipanda juu au kushuka, unauvuta mfuko upande mmoja na kuzalisha uvujaji ulionunuliwa kuuzuia. Vidole viwili vipite chini yake bila shida.

Pete, pesti au vipande vya kujazia

Watu wengi huamini pesti ni gundi. Sivyo, kazi yake ni kujaza mianya, na ikipakwa nene kwenye eneo kubwa inakizuia kibandiko chenyewe kisiguse ngozi.

| | Pete | Pesti ya tyubu | Vipande |
|---|---|---|---|
| Inafaa wapi | Kuizunguka stoma yote. Choo cha majimaji, mkojo | Mwanya mwembamba, ukingo wa tundu | Mkunjo au shimo la upande mmoja |
| Kwenye ngozi iliyochubuka | Haichomi | Yenye alkoholi inachoma. Tafuta isiyo nayo | Havichomi kwa kawaida |
| Kiasi | Pete moja, ivutwe kufuata umbo la stoma | Mstari mwembamba tu | Kipande kinachotosha shimo |
| Kosa la kawaida | Kuacha pengo kati yake na stoma | Kubandika kabla haijakauka juu | Kujaza hadi kutengeneza mlima |

Kwa ileostomia na urostomia (stoma ya mkojo), pete ndiyo chaguo letu la kwanza. Ipashe joto kati ya viganja dakika moja, ivute taratibu ifuate umbo la stoma, uiweke ikigusana na stoma pande zote. Unaweza kuibandika kwenye ngozi au nyuma ya kibandiko. Kuibandika kwenye ngozi kunakuwezesha kuona kama kuna pengo. Nyuma ya kibandiko ni rahisi kwa mwenye stoma inayotoa bila kupumzika. Pete yenye mbinuko ipo pia, na ni njia ya kati kwa stoma iliyozama kidogo tu.

Pesti huhitaji kama dakika moja ya kukauka juu kabla ya kubandika, ili alkoholi itoke. Ikisambaa vidoleni, lowesha kidole kwa maji. Ukiona ikiyeyuka na kutoka na choo siku ya kwanza tu, hiyo si kazi ya pesti. Hamia kwenye pete.

Kwa mkunjo, jaza mkunjo wenyewe peke yake hadi ngozi iwe usawa, ukiwa umekaa. Ukijaza ukiwa umelala utaweka pungufu.

Kibandiko cha kawaida au cha muda mrefu

Hapa kinachoamua ni kinachotoka. Kinyesi kigumu cha kolostomia (stoma ya utumbo mpana) hakikimomonyoi kibandiko kwa haraka, na cha kawaida kinatosha. Choo cha majimaji na mkojo humomonyoa; vya muda mrefu vimetengenezwa kustahimili hayo. Ila vinashika kwa nguvu zaidi, hivyo mtu anayebadilisha kila siku atajichuna ngozi bure akivitumia. Muda wa kawaida kwa ileostomia na urostomia ni siku 3 hadi 4. Ikiwa daima kinavuja siku ya tatu, badilisha siku ya pili huku ukitafuta sababu. Kusubiri kivuje ndipo ubadilishe kunaigharimu ngozi kila mara.

Kwa ileostomia inayotoa zaidi ya lita moja na nusu kwa siku, hakuna kibandiko kitakachodumu. Hapo mwili unapoteza maji na chumvi, na kinachohitaji kutibiwa kwanza ni wingi wa choo, kwa daktari.

Kipande kimoja au viwili

Cha kipande kimoja ni chembamba, kinanyumbuka na kina sehemu chache za kuharibika. Cha vipande viwili kinaacha kibandiko mwilini huku mfuko ukibadilishwa, jambo linalomfaa sana mwenye kolostomia anayetumia mifuko iliyofungwa (isiyomwagwa, hubadilishwa) mara moja au mbili kwa siku: ngozi haibanduliwi kila mara. Udhaifu wake ni kiungo kati ya vipande. Ukisikia harufu bila kuona uvujaji chini ya kibandiko, kagua hapo kwanza. Kwa vyovyote, mwaga au badilisha mfuko ukijaa theluthi moja, usizidi nusu. Uzito wa mfuko uliojaa huivuta sehemu ya juu ya kibandiko kutoka kwenye ngozi.

Mwenye kolostomia anaweza kukutana na shida nyingine: mfuko unagandamana kwa kukosa hewa, kinyesi kinabaki juu na kusukumwa chini ya kibandiko. Puliza hewa kidogo ndani ya mfuko kabla ya kuubandika, ziba kichujio (kitundu cha mfuko cha kutolea hewa) kwa stika yake, na tia matone machache ya mafuta ya kulainisha ndani ya mfuko, mbali na gundi.

Ngozi: poda au utando wa kinga

Haya mawili hayafanyi kazi moja. Poda ya stoma hufyonza unyevu wa ngozi iliyochubuka. Kwenye ngozi isiyochubuka haina kazi na inapunguza ushikaji. Utando wa kinga, uwe wa kupuliza au wa kitambaa kilicholoweshwa, huacha tabaka jembamba linaloilinda ngozi dhidi ya gundi na majimaji. Kwenye ngozi yenye afya utando si lazima, na baadhi ya vibandiko hushika hafifu zaidi juu yake, kwa hiyo soma maelekezo ya kibandiko chako. Kwenye ngozi iliyochubuka chagua usio na alkoholi. Wenye alkoholi unachoma vikali.

Pale ngozi ilipo mbichi na inatoa maji, viwili hivi huunganishwa kutengeneza ganda:

1. Safisha kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, kisha kausha kwa kugusagusa bila kusugua.
2. Nyunyiza poda kwenye sehemu iliyochubuka pekee.
3. Pangusa yote isiyoshika. Inayobaki ni ile tu iliyonata kwenye unyevu.
4. Pulizia utando, au ugusishe kitambaa chake bila kuburuta. Subiri ukauke kabisa.
5. Rudia hatua ya 2 hadi ya 4 mara moja au mbili zaidi, hadi eneo liwe kavu ukiligusa.

Kinachoharibu njia hii ni hatua ya 3. Poda ikibaki huru, kibandiko kitashika poda badala ya ngozi na kuachia ndani ya saa chache. Acha kufanya ganda mara ngozi inapopona. Krimu za ngozi, mafuta ya mgando na vitambaa vya kufutia watoto visikaribie hapo, kwani mafuta yake hubaki na kuizuia gundi. Sabuni si lazima. Ukiitumia, iwe isiyo na mafuta wala manukato, na isuuzwe yote.

Ganda linatuliza tu. Sababu ya uharibifu isomwe kwenye umbo lake. Wekundu uliochubuka unaogusana na stoma ni kinyesi: rekebisha tundu au mbinuko. Wekundu wenye umbo kamili la kibandiko au plasta, unaowasha, unaashiria mzio. Bandika kipande kidogo cha kifaa hicho upande mwingine wa tumbo kwa saa 24 hadi 48 uone. Mabaka mekundu yanayowasha, yaliyozungukwa na vipele vidogo vilivyotawanyika pembeni, mara nyingi ni fangasi, na dawa iliyo bora hapa ni poda ya kuua fangasi atakayoandika daktari, itumike mahali pa poda ya kawaida, kwa sababu krimu yake itazuia mfuko kushika. Vipele vyenye usaha kwenye vinyweleo hutokana na kunyoa au kung'oa nywele na gundi: tumia mashine ya umeme badala ya wembe, ukielekea nywele zinakoota, na usinyoe kila ukibadilisha. Kwa mwenye urostomia, punje nyeupe zinazokwaruza kama mchanga ni chumvi za mkojo. Kitambaa kilicholoweshwa siki nyeupe na maji kwa kiasi sawa, kikiwekwa dakika 5 hadi 10 wakati wa kubadilisha kisha pakasuuzwa, huziyeyusha.

Kubandua na kubandika

Ngozi iliyochunika vipande vipande, mbali na stoma, imeharibiwa na mkono. Viondoa gundi vya silikoni, vya kupuliza au vya kitambaa, hukauka bila kuacha mabaki na havichomi. Vyenye mafuta huondoa gundi vizuri pia, lakini lazima eneo lioshwe baadaye, la sivyo kibandiko kipya hakitashika. Anza kona ya juu, bonyeza ngozi kwa mkono mmoja, na ukunje kibandiko chini taratibu kikiwa karibu na tumbo. Mabaki madogo ya gundi yanayogoma yaache, usiyakwangue.

Chagua saa stoma imetulia. Kwa ileostomia ni asubuhi kabla ya kula au kunywa. Kipashe kibandiko joto kwapani au viganjani dakika moja, kwa kuwa gundi hii huamshwa na joto na shinikizo. Simama wima ili tumbo linyooke, bandika kuanzia chini ya stoma kwenda juu, kisha pitisha kidole kuzunguka ukingo wa ndani kabla ya ule wa nje. Weka kiganja juu yake dakika 2 hadi 5, na kwa nusu saa inayofuata usiiname wala kuinua kitu kizito. Akiba ya vifaa ihifadhiwe mahali pakavu na baridi; haidrokoloidi iliyoachwa ndani ya gari lenye joto hulainika na haishiki tena ipasavyo.

Damu kidogo kwenye kitambaa ukiifuta stoma ni kawaida. Onwa na muuguzi wa stoma au daktari ikiwa ngozi haijaanza kupona baada ya wiki moja ya kutovuja, au kuna kidonda kinachokua na kuuma kuliko ukubwa wake. Usisubiri hata siku moja stoma ikigeuka nyeusi au zambarau iliyokolea, damu isipokoma, au stoma ikiacha kutoa huku tumbo likiuma na unatapika.